Rekodi za lugha zipangwe siku ile ile zinaponaswa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii niwasihi watafiti wa lugha, hasa wanaojiandaa kwenda uwandani kwa mara ya kwanza, wasiiahirishe kazi ya kupanga rekodi zao hadi watakaporudi.

Mwaka jana nilikabidhiwa diski ya mtafiti mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki, ili niziandae rekodi zake kwa ajili ya hifadhi ya kidijitali. Mafaili yote yalikuwa na majina yaliyotolewa na kinasa sauti chenyewe, REC0001 na kuendelea. Tarehe nazo hazikunifaa, kwa kuwa saa ya chombo hicho haikuwahi kurekebishwa, hivyo kila faili lilionyesha Januari 2000. Katika faili la 47, bibi mmoja anatega kitendawili, watoto wanashindwa kukitegua, anakohoa kidogo, kisha anawapa jibu huku akicheka. Sauti ni safi kabisa. Hata hivyo, hatumjui bibi huyo ni nani, wala kama aliridhia sauti yake isikilizwe na wageni, na kwa sababu hiyo rekodi imebaki imefungwa.

Hasara ya namna hii huzuilika kwa kazi ya nusu saa kila jioni. Faili lipewe jina kama swh-20240312-003, yaani alama ya lugha yenye herufi 3 kwa mujibu wa ISO 639-3, kiwango cha kimataifa cha alama za lugha, kisha tarehe inayoanza na mwaka ili kompyuta iyapange mafaili kwa mfuatano wa siku, kisha namba ya rekodi. Sauti, video na unukuzi uliofanywa kwa programu ya ELAN vishiriki jina hilo hilo, vitofautiane tu kwa kiambishi cha mwisho kinachoonyesha aina ya faili, kama .wav. Jina la msimulizi lisiwemo humo. Apewe alama, na jina lake litunzwe katika daftari tofauti, kwani wapo wanaopenda kutajwa na wapo wasiopenda.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni maelezo ya mdomo. Kabla mazungumzo hayajaanza, mtafiti ataje tarehe, mahali, lugha na waliopo, kisha amwombe msimulizi ridhaa kwa lugha anayoielewa vizuri, huku kinasa sauti kikiwa tayari kinafanya kazi. Iwapo atakayesimulia hataki jina lake lisikike, sehemu hiyo itengwe katika faili la peke yake. Daftari laweza kulowa au kupotea, lakini maneno yaliyonaswa pamoja na hadithi yatakwenda popote hadithi itakapokwenda.

Kuhusu muundo, inaswe WAV ya kilohezi 48 na biti 24, si MP3, ambayo hutupa sehemu ya sauti isiyoweza kurudishwa baadaye. Mtaalamu wa fonetiki huenda akaihitaji sehemu hiyo hiyo. Saa moja ya rekodi ya mikondo miwili huchukua takriban gigabaiti 1, kiasi ambacho diski za leo hukibeba bila shida. Nakala ziwe 3, na moja ikae mbali na nyingine.

Hifadhi zenyewe zimeshaonyesha njia. PARADISEC, hifadhi ya kidijitali ya rekodi za lugha na tamaduni iliyoanzishwa Australia mwaka 2003, hupanga vitu vyake kwa ngazi 3, yaani mkusanyo, kipengee na faili, na mtafiti anayefuata mpangilio wa aina hiyo tangu siku ya kwanza hukabidhi kazi yake bila kuanza upya.

Nawaomba pia wasimamizi wa tasnifu wadai kuliona daftari la rekodi mwezi wa kwanza wa uwandani, wala wasingoje sura ya matokeo. Mwenzetu yule alikuwa mtafiti hodari na msikivu, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwomba daftari hilo.

Wasalaam,
Mtafiti wa lugha