Mjomba amuoe mpwa wake? Kwetu hapana

Mhariri za kazi, naomba kanafasi kidogo. Huku Newala vibanda vya video vinairudiarudia ile muvi ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, ya 2018, Kadaikutty Singam, steringi ni Karthi, mkulima mwenye dada zake watano na jembe analionea fahari kwelikweli (vijana wanaokimbia mikorosho ya baba zao wakaiangalie). Watu wanaisifia kwa maadili na mi sipingi, jinsi jamaa anavyohangaika kuwapatanisha ndugu zake inagusa.

Ila pale dada wawili kila mmoja anataka binti yake aolewe na mjomba wake huyohuyo, kibanda kizima kiliguna! Kwao Tamil Nadu ni mila ya zamani, sawa, siwacheki. Lakini sisi Wamakonde mjomba ndo anakaa mkekani kupokea posa ya mpwa, ana kauli kuliko hata baba mzazi, sasa akigeuka yeye ndo mposaji hiyo posa atampelekea nani? Nyie mnaotafsiri muvi waambieni watoto kabisa kwamba hiyo ni mila ya kule, sio mnakazana kushangilia ngumi tu.

Msomaji wenu, Newala, Mtwara