Ukigonga gari lililoegeshwa, usitoroke

Mhariri,

Jumapili soko la Kibuye likifurika, magari huegeshwa yakibanana kando ya barabara, na tuktuk na bodaboda hupenya katikati. Kugusana hakukosi. Kinachotuuma sisi tunaonyoosha bodi na kupiga rangi hapa Kisumu ni yule anayegonga, akatazama huku na huku, kisha akaenda zake.

Wengi hutoroka wakidhani kuacha jina ni kukiri kosa. Sivyo. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) kinamtaka dereva asimame na, akiulizwa na anayehusika, atoe jina na anwani yake, za mwenye gari, na nambari ya usajili. Kama hakuna wa kupewa, piga ripoti polisi mapema uwezavyo, saa 24 zisipite, na ubebe leseni. Wa bodaboda naye ni dereva mbele ya sheria hii.

Kikaratasi hakichukui nafasi ya ripoti, lakini kiache. Andika kwa biro: jina, simu, nambari ya gari lako, saa, na mahali ulipogusa. Ukikibana kwenye waipa peke yake, mvua ya alasiri itakigeuza uji. Kikunje, ukisukumize kwenye mpira wa dirisha la dereva. Mwarifu pia askari wa jengo lililo karibu. Kabla ya kusogeza gari, piga picha ya mbali inayoonyesha nambari zote mbili, kisha ya karibu ya jeraha lenyewe.

Bampa ndilo huwadanganya watu. Ni plastiki: hubonyea, likarudi, likaonekana zima. Nyuma yake klipu zimekatika na braketi imepasuka, na baada ya mashimo machache ya barabarani linaanza kuning'inia. Taa nayo yaweza kuwa haina ufa wowote ilhali mguu wake umevunjika, na usiku inamulika macho ya wanaokuja. Kwa hiyo msikubaliane bei mkiwa mmesimama barabarani. Fundi alifungue bampa kwanza.

Mkwaruzo upime kwa ukucha. Ukipita bila kukwama, polishi huenda ikatosha. Ukikwama, pengine utahitaji msasa, pati ya kuziba, praima (rangi ya kwanza ya chini) na rangi. Bati likiwa wazi, usichelewe, maana kutu hutambaa chini ya rangi nzima. Rangi itafutwe kwa nambari ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari, kisha ijaribiwe kwa jicho mchana, kwa sababu jua hufifisha rangi ya kiwandani. Ile yenye chembe za kung'aa mara nyingi hulazimu kupuliza hadi paneli jirani, ndiyo sababu mlango mmoja hutozwa kama miwili. Hapo fundi hakuibii.

Bima ya lazima ya magari, iliyo katika sheria ya Sura ya 405, ni ya watu waliojeruhiwa au kufariki. Gari la mwenzako litalipiwa iwapo mkataba wako unasema hivyo, basi usome. Ukitaka kampuni ilipe, chukua abstrakti ya polisi (karatasi yao ya kuonyesha ajali iliripotiwa) na uiarifu kampuni kabla ya kumwahidi mtu fedha. Ahadi ya mdomo inaweza kukunyima fidia.

Ukijilipia, mtumie fundi fedha kwa M-Pesa ili rekodi ibaki. Mwandikiane kazi iliyofanywa, kiasi, tarehe, na kwamba dai limekwisha, nyote wawili mtie sahihi. Mwenye gari asitie sahihi yake kabla ya kuliona juani, rangi ikiwa imekauka.

Mafundi wa bodi na rangi,
Kisumu