Barua ya wazi kwa Mheshimiwa DC wa Arusha: njoo upande Hiace ya shule

Mheshimiwa DC, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa huku Kwa Mrombo, nauza mitumba na hiyo mitumba ndo inasomesha. Siombi hela Mheshimiwa.

Binti yangu yuko chekechea, ana miaka minne. Hiace inampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, na baridi ya Arusha mwezi wa saba unaijua. Kuna siku nikachungulia ndani na tochi ya simu, kati ya siti na siti wameweka ubao, watoto wamebanana juu ya ubao na mabegi yao wamepakata, mmoja amelala kichwa kiko kwenye chuma cha mlango, na gari linaondoka hivyo hivyo.

Jioni ndo kuna kingine kinachonikosesha usingizi. Mwanangu anashushwa wa mwisho, kwahiyo wenzake wakiisha anabaki yeye na dereva na konda, wanaume wawili watu wazima, hakuna dada wala mwalimu, na hapo ana miaka minne. Mwezi uliopita namuogesha akaniuliza, mama, konda akisema nisikwambie kitu, nisikwambie? Mikono ikaniishia nguvu. Nikamuuliza taratibu, nikarudia kesho yake, ikawa ni pipi, alipewa pipi akaambiwa asimwambie mama. Pipi tu. Lakini mtoto ameshafundishwa kumficha mama yake, na nilivyoenda shuleni nikajibiwa huyo kijana wanamfahamu, ni mtu wa kanisani. Sikumshtaki kijana wa watu, nilitaka mama mmoja tu akae kwenye lile gari. Matamko kuhusu wahudumu kwenye magari ya shule tumeshasikia mengi, mtu wa kuja kuangalia kama wapo ndo sijamuona.

Sasa mbona nakuandikia wewe? Kwa sababu trafiki anaangalia tairi na leseni, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wana kibali chao, afisa elimu ana madarasa, ustawi wa jamii wana vituo vya kulelea watoto, kila mtu ana kipande chake na mtoto anapita katikati. Wewe ndo unaweza kuwaita wote chumba kimoja wakakaa. Na sio hisani, Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 94 inasema serikali ya mtaa ina wajibu wa kumlinda mtoto aliyeko kwenye eneo lake, na kile cha 95 kinanitaka mimi mwananchi nitoe taarifa. Basi mimi ndo hii natoa.

Arusha tumezika watoto Mheshimiwa. 6 Mei 2017 kule Rhotia, Karatu, ajali ya basi la shule ilichukua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao, mji mzima ulilia, tulijaa uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuaga majeneza. Aprili 2024 mvua ikasomba Hiace ya wanafunzi kwenye korongo huku huku Muriet, hapo ni jirani kabisa na kwangu. Kila mara viongozi wanakuja, wanalia na sisi kwa kweli, ukaguzi unapamba moto wiki mbili tatu halafu ubao unarudi kati ya siti.

Na simu nayo. Video ya mahafali shule waliiweka Instagram, mwanangu anacheza, kifuani kadi ya jina lake lote, nyuma bango la shule, chini mtu hata sura hana ameandika huyu mrembo anakaa wapi. Niliomba waitoe, ilichukua siku tisa! Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022, nani amewaambia hawa wenye shule?

Ninachoomba ni ukaguzi wa kushtukiza alfajiri na jioni, sio saa nne gari limeshapaki, na mhudumu wa kike mpaka mtoto wa mwisho ashuke. Na namba 116, ile ya simu ya kusaidia watoto, iandikwe kubwa ubavuni mwa kila gari la shule, kupiga ni bure na wazazi wengi huku mtaani hawaijui.

Mimi kila siku ya shule saa kumi na moja na nusu nipo barabarani nimemshika mtoto mkono. Njoo bila msafara, tumpandishe wote, halafu na wewe upande ukae naye pale kwenye ubao mpaka shuleni.

Mama wa Kwa Mrombo