Aliyenyimwa pesa za ulemavu apewe sababu kwa maandishi

Mhariri,

Mlezi wa mtu mwenye ulemavu mkali akinyimwa pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wasiojiweza fedha za kujikimu, mara nyingi jibu huwa la mdomo: "Jina halikutoka." Hapewi barua wala sababu. Basi hurudi hospitalini kutafuta ripoti nyingine, akaipeleka kwa chifu, na miezi ikapita akijibu swali ambalo hakuulizwa.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na rufaa yoyote ianzie hapo. Majina huachwa kwa sababu tofauti. Kama nafasi zilijaa, hata ripoti kumi za daktari hazitasaidia. Aulize kama jina limewekwa kwa usajili ujao. Kama alama za vidole hazikusomeka, au jina la kitambulisho halilingani na la rejista, hilo ni kosa la kumbukumbu na lirekebishwe bila mgonjwa kubebwa tena kupimwa. Kama nyumba ilihesabiwa kuwa na kipato, ushahidi unaotakiwa ni wa kipato hicho. Ni pale tu iliposemwa kuwa ulemavu si mkali ndipo ripoti mpya ina kazi.

Na hapo wengi hukosea. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu inathibitisha kwamba mtu ana ulemavu. Sh2,000 za kila mwezi zimekusudiwa anayehitaji mlezi wakati wote, na hilo kadi hailisemi. Ripoti iliyoandikwa "mtindio wa ubongo", sahihi na muhuri, haimwonyeshi afisa lolote kuhusu uangalizi, kwa kuwa wapo wenye hali hiyo wanaotembea na kufanya kazi. Mwombeni daktari aandike mambo yenyewe: hawezi kukaa bila kuegemezwa, hulishwa kwa kijiko chakula kilichopondwa, dakika 40 kila mlo, hubadilishwa nepi mara 5 kwa siku, hugeuzwa usiku asipate vidonda. Mlezi naye aandike ratiba ya wiki moja, saa kwa saa, zikiwemo saa za usiku. Mhudumu wa afya ya jamii anayeizuru nyumba hiyo aongeze barua yake. Ushahidi wake una uzito kwa sababu yeye huyaona nyumbani yale ambayo daktari huyasikia tu.

Ili kupata sababu hizo, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ile ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 humpa afisa miezi 3, na hiyo ni mingi mno kwa mtu anayesubiri nepi na dawa. Ya 2016 humpa siku 21, na anaweza kujiongezea mara moja tu, zisizozidi 14. Ombi lenyewe halilipiwi. Gharama inayoruhusiwa ni ya kutoa nakala. Kiswahili kinakubalika kisheria.

Barua iende kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, iwe na majina kamili, nambari ya kitambulisho cha mlezi, lokesheni na tarehe ya usajili. Iombe vitu viwili: sababu za uamuzi, na nakala ya maelezo yaliyojazwa kuhusu nyumba hiyo. Msiliache hilo la pili. Humo ndimo mnaweza kukuta mtoto asiyetembea ameandikwa kuwa anajitegemea. Pigeni nakala mbili na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri huo, siku 21 hazina pa kuanzia.

Siku zikipita kimya, sheria huhesabu kwamba ombi limekataliwa, na mlezi ana siku 30 za kulipeleka kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Tafadhali asidanganywe kwamba ajisajili upya kwanza. Usajili mpya haumwambii kilichoharibu ule wa zamani.

Tunaitaka wizara inayosimamia mpango huu itoe barua kwa kila jina lililoachwa, yenye sababu, tarehe na mahali pa kukata rufaa. Na maafisa wakumbuke kifungu cha 8 cha sheria hiyo ya 2016: asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, afisa ndiye wa kuliandika ombi lake na kumkabidhi nakala.

Wasaidizi wa kisheria wa kijamii,
Kilifi