Kabla ya kununua busta, panda juu ya paa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye ving'amuzi vya antena, hasa wale ambao kila picha inapoganda hukimbilia dukani kununua busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi. Mara nyingi kosa liko juu ya paa, na busta haiwezi kulitibu.

Enzi za analojia, antena ikilegea televisheni ilikuonya. Chenga ziliongezeka siku hadi siku, ukajua kuna jambo. Tangu mitambo hiyo ianze kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, onyo hilo halipo tena. Dijitali hutoa picha safi mpaka mawimbi yafike ukingoni, kisha ghafla picha inavunjika vibokisi, sauti inakatika, kioo kinabaki cheusi. Kwa hiyo picha safi ya leo si ushahidi kwamba antena iko sawa. Huenda imebakiza kidogo sana, na mvua moja au mwembe wa jirani ukichipua majani mapya utaimaliza.

Tuanze na antena yenyewe. Hakuna kitu kinachoitwa antena ya dijitali, hata kama boksi limeandikwa hivyo. Unachohitaji ni antena ya UHF, yaani ya masafa ya juu zaidi, kwa kuwa matangazo haya yako kati ya megahezi 470 na 694. Kwenye megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa sentimita 50, na kijiti cha antena hukaribia nusu yake. Ndiyo maana vijiti vya antena inayofaa ni vya sentimita 20 hadi 30 hivi. Ile ya zamani yenye fito za mita moja na zaidi ilitengenezwa kwa VHF, masafa ya chini ya hayo, ishushe.

Usiiweke darini chini ya mabati. Bati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ipandishe kwenye bomba la chuma la inchi moja na nusu, juu ya vizuizi vya karibu. Kwenye tambarare, mnara wa matangazo wa mita 150 na antena ya mita 9 huonana hadi kilomita 60 hivi, ila nyumba, miembe na minazi iliyo katikati hula mawimbi mengi, na hapo mita 2 au 3 za bomba hubadilisha kila kitu. Bomba liwe mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake lenyewe, ili likianguka lisiziguse. Lifungwe pia waya wa kupeleka radi ardhini.

Vijiti vifupi vitazame mnara, na kiakisi, yaani ule wavu au fito ndefu, kibaki nyuma. Antena zilizofungwa kinyume ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kisha angalia za majirani zinazofanya kazi vizuri: vijiti vyao vimelala au vimesimama? Ukilaza wakati mnara unarusha wima, unaweza kubaki na sehemu moja tu kati ya mia ya mawimbi. Ikibidi visimame, usiishike antena katikati kwenye bomba la chuma, maana bomba litakuwa sambamba na vijiti na kuvivuruga. Itokeze kwa mkono wa nusu mita.

Sasa waya, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Nunua waya wa aina ya RG-6 wenye msuko mzito, yaani nyuzi za chuma zinazouzunguka waya wa kati, si ule mwembamba wa bei ya chee. Mita 20 za RG-6 nzuri hupoteza zaidi kidogo ya nusu ya nguvu ya mawimbi, na mwembamba hukuachia theluthi hivi. Wakati wa kufunga konekta, ile ncha ya chuma ya kuunganishia waya, menya ganda la nje milimita 15, kunja msuko wote nyuma, uache waya wa kati utokeze milimita 2 au 3 mbele ya ukingo wa konekta. Unywele mmoja wa msuko ukigusa waya wa kati, kila kitu kimekwisha. Ukitaka kujua hali ya waya wa zamani, kata sentimita 10 kutoka upande wa antena. Ukiona shaba imekuwa ya kijani, msuko mweusi na povu jeupe linalouzunguka waya wa kati limegeuka kahawia, maji yameingia. Usikaushe, badilisha. Tanga, Pangani na Unguja upepo wa chumvi huharakisha kazi hiyo. Ziba konekta ya juu kwa utepe wa mpira, kisha uache waya uning'inie kama herufi U kabla ya kuingia ndani, matone yaangukie hapo badala ya kukifuata king'amuzi.

Busta ina mahali pake: waya ukiwa mrefu, au unagawa kwa televisheni kadhaa. Lakini ifungwe juu, karibu na antena. Ukiiweka nyuma ya televisheni inakuza mawimbi yaliyokwisha kudhoofika njiani, pamoja na kelele zake. Umeme wake hupanda kwa waya uleule, hivyo spilita, kile kigawanyi cha waya, iwe baada ya adapta inayotoa umeme huo, upande wa televisheni, la sivyo itauzuia. Ukiwa karibu na mnara, busta huzidiwa na picha huharibika zaidi. Busta za zamani hukuza pia masafa ya megahezi 700 na 800, ambayo sasa ni ya intaneti ya simu. Mnara wa simu ukiwa jirani, ondoa busta kwanza ndipo ulaumu king'amuzi.

Kulenga kunahitaji subira. Fungua menyu ya kutafuta kwa mkono na utazame mstari wa ubora. Ule wa nguvu hudanganya. Zungusha kidogo, subiri sekunde 5, zungusha tena. Tafuta pande zote mbili ambako ubora unaanguka, kisha kaza katikati. Tumia kundi la chaneli lililo dhaifu kuliko yote. Likikataa, panda au shuka nusu mita. Walio nyuma ya Uluguru au kwenye mabonde ya Lushoto wasione haya kulenga mlima wa mkabala, kwani mwangwi wa mawimbi wakati mwingine hufika safi kuliko njia ya moja kwa moja.

Kuna ombi moja kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na warushaji wote. Ndani ya kila boksi la king'amuzi cha antena iwekwe karatasi moja inayoonyesha, mkoa kwa mkoa, minara iko wapi, inarusha kwa namba ipi ya masafa kati ya 21 na 48, na ni wima au mlalo. Warushaji wanazo taarifa hizi, na mwananchi akiwa na dira ya simu atamaliza kwa nusu saa kazi inayomgharimu leo mafundi watatu.

Fundi wa antena,
Morogoro