Shukrani kwa binti wa mazoezi, Ngamiani

Jina lako sikuuliza, mwanangu. Ulinikuta nimekaa upande kwenye benchi, ndoo ya maji miguuni, naona haya hata kutaja kinachonisumbua. Kizazi kilikuwa kimeshuka tangu uzazi wa tano. Jioni nilihisi kitu kizito kinataka kutoka. Niliambiwa ni uzee tu.

Wewe ulinieleza kwamba misuli ya sakafu ya nyonga ndiyo inayobeba kibofu na kizazi, na ikilegea inafundishika. Bana kama unayezuia mkojo na upepo wa tumboni kwa pamoja, vuta juu, hesabu taratibu mpaka 10 ukiweza, achia kabisa. Mara 10, asubuhi, mchana na usiku, bila kuzuia pumzi. Kuachia ndiko nilikokuwa nakosea, nawe ulinirudisha kwa upole. Tena kabla ya kuinua ndoo au kukohoa, bana kwanza.

Hukunidanganya kuwa kizazi kitarudi chote. Ulisema miezi 3 au 4 ya bidii, na kikitokeza nje nimwone daktari.

Huu ni mwezi wa tano. Jana nilikaa kwenye mbuzi, nikakuna nazi mbili, nikateka na maji, ule uzito sikuuona. Ahsante sana, mwanangu. Mungu akulipe, na mikono yako aibariki.