Mwanangu, Kampala Haitembelewi kwa Ramani ya Simu

Mumias

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimeusoma ujumbe wako kutoka Nakuru kwamba wewe na wenzako wa kazini mnataka kuitumia likizo yenu Kampala, na kwamba hamwoni haja ya kumlipa mtu awatembeze katika mji ambao simu inaonyesha kila kichochoro chake. Ningeweza kukujibu kwa maneno mawili, lakini jambo lenyewe lina mapana yake, na baba yako anasema heri niliandike nikalimaliza kuliko kumsimulia yeye kila jioni tangu niliporudi kutoka huko na mamako mdogo.

Simu itawafikisha langoni, hilo silikatai. Lakini Kampala ni mji wa vilima, kila kilima kina wenyewe, na wenyewe hao wana madai ya zamani dhidi ya wenye kilima cha pili. Mgeni anayezunguka peke yake ataona makanisa mawili makubwa, misikiti, ikulu na makaburi ya wafalme, atapiga picha, kisha atarudi kwao asijue kwamba majengo hayo yamekuwa yakijibizana kwa zaidi ya miaka 100.

Mwongozaji wetu, mzee wa Kiganda aliyekipata Kiswahili chake katika biashara za mpakani Busia, hakuanza na ikulu. Alitupeleka kwanza Old Kampala, kwenye Msikiti wa Kitaifa, ambao ulianzishwa katika utawala wa Idi Amin mwaka 1972, ukakwama kwa miaka mingi, na hatimaye ukakamilishwa kwa fedha za Muammar Gaddafi wa Libya, ndiyo maana wenyeji wengi wangali wanauita kwa jina lake. Mnara wake una vidato zaidi ya 300, na tulivipanda vyote, ingawa mamako mdogo alikuwa akimlaumu mzee wa watu kwenye kila mpindo wa ngazi. Kule juu alitugeuza taratibu, upande mmoja baada ya mwingine: yale majengo yenye minara miwili ni Rubaga, makao ya Wakatoliki, kuba lile ni Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana, ng'ambo ile ni Kibuli, msikiti uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, na hapa karibu ni Mengo, kilima cha Kabaka, mfalme wa Buganda. Kisha akatuambia tuangalie chini ya miguu yetu, kwa sababu hapo tuliposimama ndipo Mwingereza Frederick Lugard alipojenga ngome yake mwezi wa Desemba 1890, na mwanzoni mwa 1892 silaha zake, pamoja na bunduki ya Maxim, ziliwapa Waprotestanti ushindi dhidi ya Wakatoliki. Mwongozaji wetu ni mtu wa Rubaga. Alivisimulia vita hivyo kama mtu aliyeibiwa mbuzi wiki iliyopita na anamjua mwizi.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Watu wengi hutafuta mwongozaji asiyeegemea upande wowote, anayetaja tarehe na urefu wa majengo kisha akanyamaza. Mimi nasema mtafute mwenye upande, mradi muujue upande huo mapema na msione haya kumuuliza maswali. Huyu wetu nilimwambia kwamba Uislamu ulifika katika ikulu ya Buganda kabla ya Ukristo, tangu enzi za Kabaka Suuna, na kwamba vijana Waislamu waliuawa Namugongo katika miaka ya 1870, kabla ya wale mashahidi Wakristo wa 1885 hadi 1887 ambao dunia nzima inawajua. Hakubisha hata kidogo. Alikubali, akaongeza mengine ambayo sikuyajua, na kuanzia hapo akatuchukua kama watu wa kuzungumza nao.

Mengo mpeni muda mwingi. Kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, barabara imenyooka mpaka lango la ikulu ya Lubiri, na katikati yake kuna mzunguko wa magari wenye njia maalumu inayoupasua, kwa kuwa Kabaka hazunguki. Hupita moja kwa moja. Ikulu ilianzishwa na Mwanga wa Pili mwaka 1885, na tarehe 24 Mei 1966 ilishambuliwa na jeshi la serikali kwa amri ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye pia alikuwa Rais wa Uganda mpaka Obote alipomwondoa mapema mwaka huo, aliruka ukuta akatoroka, akaishia London, akafia huko mwaka 1969. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1967 na kurudishwa mwaka 1993. Mzee wetu alipomaliza, nilimuuliza mtu wa Lango, kwao Obote, angeisimulia vipi siku hiyo. Alicheka sana, kisha akaisimulia kwa haki: kura ya 1964 iliyoirudishia Bunyoro kaunti zilizokuwa zikishikiliwa na Buganda, na uamuzi wa Lukiiko, bunge la Buganda, wa kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Simu haiwezi kukufanyia hivyo, mwanangu.

Ndani ya uwanja wa ikulu kuna vyumba vya zege vilivyochimbwa ubavuni mwa kilima, ambamo watu wengi walifungwa na kuuawa katika enzi za Amin. Waongozaji husimulia kwamba njia ya kuingilia ilijazwa maji yaliyotiwa umeme ili asitoroke mtu. Sikukaa sana pale. Kama mwenzenu mmoja hataki kuingia, msimlazimishe.

Kasubi ndipo nilipokaa mpaka mzee akaanza kuitazama saa yake. Nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Muteesa wa Kwanza, na alipozikwa humo mwaka 1884 ikageuka kuwa makaburi ya wafalme. Wanne wamelala hapo, pamoja na yule aliyefia London. Ni nyumba ya mviringo yenye upana wa mita 31, na paa lake la nyasi linashuka karibu kugusa ardhi. Iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikateketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na ujenzi wake ukachukua miaka mingi, kwa maana si fundi yeyote tu anayeruhusiwa kuliezeka paa lile. Kazi hiyo ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, na hufuata miiko yake. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mkiruhusiwa kuingia, inueni macho mtazame pete za matete zinazozunguka dari kwa ndani: ziko 52, kila moja kwa ajili ya ukoo mmoja wa Buganda. Mbele kunaning'inia pazia la vitambaa vya magome ya mutuba, rangi yake ya kutu, na nyuma yake mgeni hapiti. Viatu mtaviacha nje, wanawake huvaa nguo ndefu na huketi miguu ikiwa imekunjwa upande mmoja. Wewe uliyelelewa karibu na makaburi ya Wananabongo, wafalme wetu wa Wanga, kule Matungu hutahitaji kufundishwa adabu hiyo, lakini waambie wenzako kabla hamjafika. Ulizeni siku hiyohiyo sehemu zipi ziko wazi.

Sasa nikwambie habari za kwetu, kwa kuwa usipozitafuta hakuna atakayekuonyesha. Kumbuka kwamba mpaka mwaka 1902 sehemu hizi zetu, pamoja na Kisumu na hapo Nakuru unapoishi, zilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Katika uwanja wa kanisa la Namirembe kuna kaburi la Askofu James Hannington, aliyepita hapa Mumias mwaka 1885 akielekea Buganda. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Mwanga, kwa vile Waganda walikuwa na imani kwamba atakayeimeza nchi yao angetokea mashariki. Mifupa yake ilirudishwa na kuhifadhiwa hapa kwetu kwa miaka kadhaa, kabla ya kuzikwa Namirembe mwishoni mwa 1892. Nilisimama pale nikiwa na buibui langu, na mzee akanitazama kwa mshangao nilipomwambia nimekuja kumwona mgeni wetu.

La pili ni Sanamu ya Uhuru katikati ya mji, ile ya mama anayemwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Aliyeichonga, Gregory Maloba, alizaliwa hapa Mumias, akasoma sanaa Makerere na kufundisha huko. Mzee alijua sanamu, hakujua Mumias; siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji.

Mitaa mingine nitaipitia haraka. Katwe ina mafundi wa vyuma, Kisenyi ina vinu vya nafaka na Wasomali wengi, na Owino ni soko la kuingia na fedha kidogo tu mfukoni. Mkifika Novemba, Nakasero mtawakuta kina mama wakiwanyofoa senene mabawa na miguu kwa kasi ya ajabu. Chakula cha mchana kuleni luwombo, mchuzi uliopikwa ndani ya jani la mgomba, pamoja na matoke. Chapati ya mayai ya Wandegeya ni ya jioni, mkitoka kuiona Makerere.

Kuhusu malipo, patana na mwongozaji kabla hamjaanza safari: bei ya siku nzima, nani analipa mafuta, na kama viingilio vimo ndani ya bei hiyo. Kampuni moja ilitaka kutuzungusha kwa basi dogo katika vituo vingi mno, dakika chache kila kimoja, nami nikaikataa. Vitambulisho vya taifa vinatosha kuvuka Busia, ila viwe halisi, si nakala. Tarehe 3 Juni na siku za kabla yake ziepukeni, kwa sababu mahujaji wa Namugongo hujaza barabara na nyumba za wageni, wengine wakitoka huku kwetu kwa miguu. Nipe tarehe zenu mapema, nimpigie mzee simu nijue kama ana nafasi. Anapendelea kuanza saa moja asubuhi, kabla magari hayajaziba njia, kwa hiyo waambie hao wenzako wanaopenda kulala.

Wasalaam,
Mama yako